Kangaja ana madoa meupe: nitie mrututu kwenye tangi?

Swali: Asalaam aleikum, mzee. Nina tangi la maji ya bahari la lita 300 nyumbani Tudor, Mombasa, limetimiza mwaka. Ndani mna klauni wawili na anemoni yao, vitatange wawili, kamba mmoja na konokono. Wiki tatu zilizopita nilinunua kangaja wa buluu kutoka kwa wazamiaji nikamtia moja kwa moja. Siku ya sita akatoka madoa meupe kama chembe za chumvi. Nikampa chakula chenye kitunguu saumu, na siku nne baadaye madoa yakaisha. Nikashukuru. Baada ya siku nane yakarudi maradufu, sasa klauni wanajisugua kwenye mawe, na kitatange mmoja amekufa juzi. Rafiki yangu anasema nitie kijiko kimoja cha chai cha mrututu kwenye tangi. Muuzaji mmoja ameniambia nipandishe joto la maji na niendelee na kitunguu saumu. Nifuate lipi?

Wa aleikum salaam, mwanangu. Usifuate lolote kati ya hayo mawili. Kama mrututu, yaani ile chumvi ya shaba, umeshaununua, utie kwenye chupa yenye kifuniko, uandike SUMU kwa herufi kubwa, uuweke mahali watoto hawafiki. Nitaurudia mbele, maana una kazi yake, lakini kazi hiyo haifanyiki ndani ya tangi lako la sebuleni.

Kitunguu saumu chako hakikuponya kitu. Madoa yaliondoka kwa sababu wakati wake wa kuondoka ulikuwa umefika, na yangeondoka hata kama ungempa kangaja mkate mtupu. Ukilielewa hili, mengine yote yatakuwa mepesi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kimelea hicho kinaitwa Cryptocaryon irritans. Jina hilo kilipewa mwaka 1951, ingawa wafugaji wa samaki walikuwa wameshaliwa na hasara yake kabla ya hapo. Ni kiumbe cha seli moja. Hakikai juu ya ngozi kama kupe kwenye ng'ombe. Kinaingia chini ya ngozi, kama funza mguuni, na lile doa unaloliona ni ngozi ya samaki mwenyewe iliyovimba juu yake. Kikiwa humo ndani kinakula na kunenepa kwa siku tatu hadi saba. Kikishiba kinatoka chenyewe, mara nyingi gizani kabla ya alfajiri, kinaanguka chini, kinatambaa kwa saa kadhaa, kisha kinajishikiza kwenye mchanga au jiwe na kujijengea ganda gumu. Ndani ya ganda hilo kinajigawa na kujigawa, hadi watoto 200 na ushei kutoka kimelea kimoja. Baadhi ya maganda hupasuka baada ya siku tatu, mengine baada ya wiki, mengine baada ya wiki nne na zaidi. Wakitoka, wale watoto wanaogelea kutafuta samaki. Wana siku moja, mbili kwa shida, na nguvu zao kubwa ziko katika saa chache za mwanzo. Asiyepata samaki anakufa.

Sasa rudi kwenye tarehe zako. Siku ya sita umeona madoa, siku ya kumi yameanguka mchangani, siku nane baadaye watoto wao wamerudi kwa wingi na kupata samaki wale wale, wamefungwa ndani ya kioo, hawana pa kukimbilia. Kule mwambani kangaja huyu huyu huenda alikuwa na vimelea viwili vitatu maisha yake yote na wala havikumsumbua. Vikianguka, kufikia wakati maganda yanapasuka yeye alikuwa ameshaogelea kwingine. Ndani ya lita 300 hakuna kwingine.

Kwa hiyo mgonjwa wako hasa ni tangi. Samaki ni wabebaji tu. Dawa zote za ugonjwa huu, za bei ghali na za rahisi, zina udhaifu mmoja: haziui kimelea kilicho chini ya ngozi, wala haziui kilicho ndani ya ganda. Zinaua kile kinachoogelea tu. Zinakivizia njiani. Ndiyo maana dawa ya siku tatu ni kazi bure, na ndiyo maana watu huapa kwamba chupa fulani "ilimponya samaki siku ya nne" wakati siku ya nne angekuwa safi hata bila hiyo chupa.

Kabla hujaanza mpango ninaokupa, hakikisha kwamba ni ugonjwa huu kweli, maana kuna ndugu yake mbaya zaidi. Usiku wa leo zima taa za tangi na za sebule, ngoja nusu saa, halafu mmulike kangaja kwa tochi ya simu ukitokea ubavuni, si kwa mbele. Ukiona chembe unazoweza kuzihesabu, kubwa kama chumvi ya mezani, ni haya tuliyoyazungumza. Ukiona vumbi laini lisilohesabika lenye rangi ya dhahabu au kijivu, kama samaki aliyepakwa unga tayari kukaangwa, huo ni Amyloodinium, na hauna subira. Huanzia mashavuni, samaki anapumua kwa kasi, anasimama mbele ya pampu akiukabili mkondo, anakimbia mwanga, anasusa chakula, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili kabla hujaona hata hilo vumbi mwilini. Kipimo changu cha nyumbani ni rahisi: tazama shavu la samaki linavyofunguka na kufunga, uhesabu kwa dakika moja. Ukimaliza dakika bila kupotea hesabu, una muda wa kujipanga. Ukishindwa kufuata kwa jinsi anavyohema, huna.

Klauni nao watazame peke yao. Wakianza kutoa ute mweupe mzito, na ngozi inabambuka kama ganda la nyanya iliyochemshwa, hilo ni jambo la tatu, Brooklynella, ambalo klauni waliotoka baharini hulipata sana. Hilo dawa ya shaba, kama ule mrututu, haiwezi. Tiba yake ni kuogeshwa kwenye fomalini kwa muda mfupi, na fomalini ni sumu ya kuvuta hata kwako wewe. Ukiona dalili hiyo usijaribu mwenyewe, tafuta daktari wa mifugo anayejua samaki.

Kwa maelezo yako, kangaja bado anakula, madoa ni kama chumvi, na mambo yamekwenda kwa siku wala si kwa saa. Mimi naamini ni Cryptocaryon. Kitatange aliyekufa ananitia wasiwasi kidogo, lakini kitatange ni samaki mwepesi kufa hata kwa dhiki tu. Fanya ukaguzi wa tochi, kisha tuendelee.

Hapa ndipo nakuambia jambo ambalo mfugaji wa Nairobi angekuonea gere. Kuna njia ya kutibu ugonjwa huu bila dawa hata tone moja, na gharama yake kubwa ni maji ya bahari. Anayeishi mbali na pwani hununua chumvi ya kopo na kuikoroga, kila lita ina bei yake. Wewe unayo bahari kuu mwendo wa tuktuk.

Mimi naiita kuhamahama. Kimelea kikianguka kutoka kwa samaki, ganda lake linahitaji angalau siku tatu kabla ya kupasuka. Ukimhamisha samaki kwenye chombo kipya chenye maji mapya kabla ya siku tatu kutimia, unayaacha maganda nyuma. Siku tatu nyingine, unamhamisha tena. Kufikia uhamisho wa nne, kila kimelea kilichokuwa chini ya ngozi kimeshashiba na kuanguka, na hakuna hata kimoja kilichopata nafasi ya kurudi. Siku ya 13 samaki wako safi.

Unahitaji vyombo viwili vya plastiki vya lita 100 hivi, mabeseni makubwa au mapipa yaliyokatwa, ambavyo havijawahi kuwekwa sabuni wala dawa. Pampu mbili za hewa na mawe yake ya hewa, moja ya kila chombo, zisichangie. Vipande vya bomba la plastiki la inchi nne, wajifiche ndani. Wavu wa kufunika juu, maana kangaja akishtuka huruka. Hakuna mchanga, hakuna mawe. Hita kwa hali ya hewa yetu huihitaji, isipokuwa vyombo viko mahali pa upepo miezi ya kusi, Julai na Agosti, usiku joto linaposhuka. Pampu moja iwe ya betri, kwa ajili ya siku stima ikipotea. Samaki wanne ndani ya lita 100 bila hewa hawana muda mrefu.

Maji usiyachote hori la Tudor, hata kama liko nyuma ya nyumba. Nenda ufuo wa wazi upande wa bahari kuu, wakati maji yanajaa na kukaribia ukomo wake, na bamvua ni bora kuliko maji mafu kwa sababu yanakuja mengi kutoka nje. Baada ya mvua kubwa ya masika usichote, subiri rangi ya chai iondoke. Kwa chombo cha lita 100 kitakachojazwa mara tano unahitaji lita 500, yaani mitungi 25 ya lita 20. Usiyatumie siku hiyo hiyo kama unaweza kusubiri. Yakikaa yamefunikwa siku kadhaa, bila samaki, viumbe vinavyoogelea kutafuta mwenyeji vitakufa na taka zitatuama. Mimina kutoka juu, lile tope la chini liache. Najua utaniuliza kama una muda wa kusubiri. Kwa mara ya kwanza, hapana. Tumia maji ya kujaa uliyoyachuja kwa kitambaa cheupe kizito, na mitungi iliyobaki iendelee kukaa.

Tuseme unaanza Jumamosi saa mbili asubuhi. Unawatoa samaki wote kwenye tangi, nasema wote, hata yule asiye na doa, na kuwatia chombo cha kwanza. Joto la maji lilingane, na chumvi ilingane. Anemoni, kamba na konokono wanabaki, hao hawaugui ugonjwa huu. Jumanne asubuhi unaandaa chombo cha pili, unamshika samaki mmoja mmoja kwa bakuli au wavu laini na kumhamisha na maji kidogo iwezekanavyo. Ijumaa tena, Jumatatu tena, Alhamisi uhamisho wa mwisho. Asubuhi ndiyo saa nzuri, kwa kuwa vimelea vingi vimeanguka usiku ule. Unaweza kuwahi saa moja au mbili. Kuchelewa usichelewe. Ukipitisha saa 72 kwa nusu siku, ganda moja likapasuka, hesabu yote inaanza upya.

Chombo walichotoka kimwage, kisugue, ukisuuze kwa maji baridi ya bomba, halafu ukianike juani mpaka kikauke kabisa pamoja na bomba, mawe ya hewa na wavu. Kukauka ndiko kunakoua maganda. Chombo chenye unyevunyevu kwenye kona si chombo kikavu. Na mikono yako, mwanangu: ukishika maji ya tangi kisha ukaingiza mkono kwenye chombo safi, umevirudisha mwenyewe. Watu wengi wanaoniambia kuhamahama hakufanyi kazi, nikiwauliza vizuri nagundua wana wavu mmoja tu nyumbani.

Walishe kidogo, mara mbili kwa siku, na kinachobaki kitoe kwa mrija. Kangaja mpe mwani aliouzoea, umfungie kwenye kibanio cha nguo. Vyombo hivi havina bakteria wa kula uchafu, kwa hiyo amonia itapanda. Nunua kipimo cha amonia kabla ya kununua kitu kingine chochote. Ikianza kuonekana, badilisha nusu ya maji siku hiyo hiyo.

Baada ya siku ya 13 samaki ni wazima lakini hawarudi nyumbani. Tangi bado limejaa maganda, na likikaa bila samaki hata mmoja, kila ganda litapasuka kwa wakati wake na watoto watakufa njaa. Swali ni kusubiri siku ngapi. Wafugaji wengi hushika siku 76, na namba hiyo haikutoka hewani: imewahi kuonekana maganda yakichukua siku 72 kabla ya kupasuka, ila hayo yalikuwa kwenye maji ya baridi ya kama digrii 20. Kwa maji yetu ya digrii 27 au 28 mzunguko huenda haraka, na wako wanaotosheka na siku 45. Mimi nimezeeka, sipendi kufanya kazi mara mbili, nasubiri zote 76. Wakati huo tangi liendelee kama kawaida, taa, pampu, na utupe vipande viwili vitatu vya chakula kila siku chache kwa ajili ya kamba, anemoni na bakteria. Ukihurumia tangi tupu na kununua "kasamaki kadogo tu ka kuchangamsha", umeanza kuhesabu kutoka sifuri.

Samaki watakuwa wakiishi wapi miezi hiyo? Kwenye chombo kikubwa chenye chujio la sponji, la lita 150 au 200 ukipata, kwa ajili ya kangaja. Sponji ianze kuandaliwa leo, kwenye ndoo ya pembeni yenye maji ya bahari, hewa, na kipande cha kamba aliyekufa, ili bakteria waanze kuota. Usiitoe sponji kwenye tangi lako la sasa, hata kama imekomaa vizuri na inakutamanisha. Kwa siku za mwanzo sponji hiyo itakuwa changa, kwa hiyo utabadilisha maji mara kwa mara. Tena nakukumbusha, maji unayo.

Nilikuahidi mrututu.

Mrututu ni salfeti ya shaba, na shaba ni dawa ya kweli ya Cryptocaryon na hasa ya lile vumbi la Amyloodinium. Ukiona dalili za vumbi usianze kuhamahama, nenda kwenye shaba moja kwa moja, ndani ya chombo cha plastiki kitupu. Lakini angalia hesabu ya rafiki yako. Kijiko cha chai cha mrututu ni kama gramu 5. Robo ya uzito huo ndiyo shaba, gramu 1.27, yaani miligramu 1,270. Gawanya kwa lita 300, unapata miligramu 4.2 kwa lita. Kiwango cha kutibu ni kati ya 0.15 na 0.20. Rafiki yako alikuwa anakuandalia dozi ya mara 20. Na hata kama angepatia, kamba, konokono na anemoni wangekufa kwa kipimo kile kile kinachoponya samaki, huku mawe na mchanga wa chokaa vikiifyonza shaba mpaka usijue imebaki kiasi gani majini.

Hili sikusimulii kwa kusikia. Nikiwa na umri wa kuwa na tangi la kwanza na akili za kwanza, nilinunua mrututu kwenye mfuko wa karatasi, nikapima kwa kijiko cha mama, nikaenda kuswali Isha. Niliporudi maji yalikuwa na wingu jepesi la kijani-buluu, na kikande wangu, samaki ambaye hata ukimkanyaga atakung'ata, alikuwa amelala ubavu. Mama alikitupa kile kijiko, na kwa haki kabisa.

Anayetumia shaba ipasavyo anafanya hivi. Anachukua mrututu safi wa maabara, si ule wa shambani ambao hujui umechanganywa na nini. Anapima gramu 4 kwa mizani ya sonara, anaziyeyusha kwenye lita moja ya maji yaliyotoneshwa, yale ya kujazia betri (maji, si asidi). Sasa kila mililita ya mchanganyiko huo ina takriban miligramu moja ya shaba. Kwa chombo chenye lita 100, mililita 15 zinakupa 0.15, na mililita 20 zinakupa 0.20. Hazitiwi kwa mkupuo. Mililita 7 leo jioni, 5 kesho asubuhi, halafu unapima, kisha unaongeza kufuata kipimo kinavyosema wala si unavyohisi. Tumia sirinji ya duka la dawa. Shaba ya namna hii haitulii kwenye maji ya bahari, inashuka yenyewe, kwa hiyo unapima asubuhi na jioni kila siku. Ikikaa chini ya 0.15 kwa muda, vimelea vinapita. Ikipanda juu ya 0.25, samaki wanaanza kuumia. Siku 14 bila kukatika, kisha wahamie chombo safi kikavu.

Mahali watu wengi hujikwaa ni kwenye kubadilisha maji. Ukitoa lita 30 kati ya 100, unarudisha lita 30 zenye dawa ya lita 30, yaani mililita 6 hivi. Nimeona mtu anaweka dozi ya chombo kizima kila anapobadilisha maji. Na usitie zile dawa za kuondoa amonia au klorini pamoja na shaba, kuna aina ambazo zinaigeuza shaba kuwa sumu kali zaidi. Kaboni ya chujio nayo iondoe, inainyonya. Ukipata shaba ya chupa iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki, ambayo imefungamanishwa ili isishuke, fuata karatasi yake: kiwango chake hufika 1.5 hadi 2 na zaidi, na kinahitaji kipimo kinachoendana nayo. Usichukue namba ya huku ukaipeleka kule. Papa na samaki taa usiwaguse kwa shaba ya aina yoyote.

Kuna wanaotumia klorokwini badala ya shaba, na ni dawa nzuri, miligramu 10 hadi 15 kwa lita, ya unga safi. Ndiyo ile ile ya malaria, iliyoachwa kuwa dawa ya kwanza nchini Kenya mwaka 1998. Wazee wako wataukumbuka mwasho wake. Lakini vidonge vya zamani vina chokaa na gundi za kufungia, na vingine vimekaa dukani kuliko umri wako. Kwa tangi lako siioni haja yake.

Kupunguza chumvi pia kunatajwa sana: unashusha uzito wa maji, ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi, mpaka 1.009 na kukaa hapo wiki kadhaa, samaki wanavumilia, vimelea vilivyo ndani ya maganda vinakufa. Ni njia halali kwa Cryptocaryon, ingawa kuna aina zake zilizoonekana kuvumilia hali hiyo, na kwa Amyloodinium haisaidii. Inahitaji rifraktomita (kifaa cha kupimia chumvi ya maji) iliyosahihishwa, kwa sababu 1.011 haitibu na 1.007 inaumiza. Hapa Mombasa kuna mtego wa ziada: maji ya kisima ya nyumba nyingi yana chumvi yake mwenyewe, na ya bomba yana klorini. Ukichanganya bila kupima hujui umefika wapi. Bahari ikiwa karibu hivi, kuhamahama kunanipendeza zaidi.

Joto: ukilipandisha, unaharakisha mzunguko wa kimelea na kupunguza hewa majini, wakati samaki wako wanapumulia mashavu yaliyojaa vidonda. Huyo muuzaji hakukutakia mabaya, nadhani ameyachanganya na ya samaki wa maji yasiyo na chumvi. Kamba msafishaji hawezi kuchomoa kitu kilicho chini ya ngozi. Kumchovya samaki kwenye maji yasiyo na chumvi dakika tano hakugusi Cryptocaryon, lakini kuna faida nyingine: kangaja wa baharini mara nyingi hubeba minyoo bapa ya ngozini isiyoonekana, na kwenye ndoo nyeusi utaiona ikigeuka myeupe na kudondoka kama magamba madogo. Ukiiona, wakishamaliza siku 13 watibu kwa prazikwanteli, ile ya kichocho, miligramu 2.5 kwa lita, na urudie baada ya wiki moja hivi. Kidonge cha miligramu 600 kinatosha lita 240. Kisage sana, hakiyeyuki vizuri.

Jambo moja litakuchanganya nisipolisema. Samaki aliyewahi kuugua na kupona hujenga kinga kwa miezi kadhaa. Anaweza kukaa hana doa na bado ana vimelea kimoja viwili mashavuni. Ndiyo maana mtu huniambia, "Tangi langu limekaa miaka miwili bila ugonjwa, huyu mpya ndiye kauleta," na kumbe huyo mpya ndiye pekee asiye na kinga. Kwako naamini kangaja ndiye aliyekuja nao, kwa kuwa kangaja wa buluu ni mashuhuri kwa hilo, lakini klauni na kitatange watibiwe sawasawa naye.

Kwa hiyo leo: ukaguzi wa tochi baada ya Isha. Kesho: vyombo, bomba, pampu ya pili, kipimo cha amonia, na uangalie jedwali la maji kujaa. Ukianza kuwashika, anza na kangaja. Mshike kwa bakuli wala si kwa wavu, na mbali na vidole vyako, maana ile miiba miwili ya mkiani hukata kama wembe, hata akiwa mgonjwa.